Je, Ubaba Hufunzwa?



Mwezi uliopita kijana mmoja wa darsa yetu alitujia baada ya sala ya isha, akiwa na suala lililomkosesha raha. Kijana huyu amemaliza masomo yake, naye ametakiwa ajiunge na kazi ambayo wazee wake hawajapata kuisikia, nayo ni kuchunguza hali za akina baba na watoto wao, na kuisaidia mipango inayowakutanisha wanaume wakafunzana malezi. Alipolitaja jambo hilo nyumbani, ami yake alicheka hata machozi yakamtoka, akamwambia, "Mwanangu, sisi tulilelewa pasipo karatasi. Wewe hujaoa, nawe waenda kuwafunza waliozaa?" Kijana akanyamaza kwa adabu, kisha akaja kwetu akauliza: Je, kazi hii ina thamani mbele ya Mwenyezi Mungu, au ni mshahara wa bure?

Usiku ule hatukumpa jawabu, kwani baadhi yetu nasi tulitaka kucheka. Lakini kila tulipolipima suala lake tuliona kuwa chini yake pana suala kubwa zaidi, linalomhusu kila mwenye mtoto katika miji yetu: Je, ubaba ni jambo ambalo mtu hulipata kwa kuzaa tu, au ni jambo la kufunzwa? Na mtu akiisha kutoa masurufu, je, amekwisha kuwa baba?

Na tuanze na hilo la masurufu. Ukimwuliza mtu wa kwetu ni nani baba mwema, atakujibu upesi kuwa ni yule asiyewaacha watoto wake na njaa. Wala, wavaa, walipiwa skuli na chuo, na Idi ifikapo wana nguo mpya. Sisi hatulidharau jawabu hili hata kidogo. Masurufu ni wajibu katika sharia, na mwenye kuyazuia na hali anayo ni mwenye dhambi. Tena wako ndugu zetu wengi walioiacha Mombasa, Lamu na Malindi wakaenda Ghuba, wakavumilia jua na upweke ili watoto wao wapate kusoma. Jasho la hao ni ibada, nasi hatuna haki ya kuwanyoshea kidole.

Lakini wanavyuoni wa fikihi wametufunza kutenganisha baina ya haki za namna mbili. Iko haki ya hukumu, ambayo mtu aweza kuidai mbele ya kadhi. Na iko haki ya diyana, ambayo kadhi hana njia ya kuifikia, bali mtu huulizwa na Mola wake. Masurufu ni haki ya namna ya kwanza. Mama akienda kushitaki kuwa watoto hawapewi matumizi, kadhi atamwita baba na kumlazimisha atoe. Lakini hakuna kadhi awezaye kumlazimisha baba amtazame mwanawe usoni, au amsikilize akieleza yaliyompata skuli, au ajue rafiki zake ni akina nani.

Na sheria za serikali nazo ni vivyo hivyo. Katiba ya nchi yetu ya mwaka 2010, katika kifungu cha 53, imempa mtoto haki ya kutunzwa na baba na mama kwa jukumu lililo sawa, wawe wameoana au hawakuoana. Na Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 imempa baba aliyepata mtoto majuma mawili ya likizo kwa mshahara kamili. Basi sheria imeweza kumtoa baba kazini na kumfikisha nyumbani. Haikuweza kumwambia akifika afanye nini. Wangapi katika sisi huyamaliza majuma hayo barazani?

Kwa hivyo sehemu kubwa ya ubaba imo katika haki ya diyana. Na kwa kuwa haidaiwi na mtu, sisi tumedhania kuwa haipo. Hapo ndipo tulipokosea.

Iko methali tuipendayo sana, kwamba asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Mtoto akipotea, akaanza kutumia unga au kufuatana na wahuni, methali hii ndiyo ya kwanza kutoka vinywani mwetu, na anayeelekezewa ni mama. Ni nadra kumsikia mtu akiuliza: Na babaye alikuwa wapi? Methali haikusema kuwa baba hana la kufunza. Sisi wanaume ndio tuliojificha nyuma yake.

Ama dini yetu haikumficha baba. Katika Qur'ani aliyesimama kumnasihi mwanawe kwa maneno ya upole ni Luqman, naye ni baba. Nabii Ibrahim alipoamrishwa jambo zito lisilo mfano, hakumkokota mwanawe kwa nguvu; alimweleza ndoto yake, akamtaka rai. Nabii Yakub alimlilia Yusuf hata macho yake yakawa meupe, wala machozi yale hayakumpunguzia unabii wake wala uanaume wake. Na Mtume wetu (S.A.W.) alisali akiwa amembeba Umama, binti wa bintiye Zainab; akisujudu humweka chini, akisimama humbeba.

Siku moja Mtume (S.A.W.) alimbusu mjukuu wake Hasan mbele ya al-Aqra' bin Habis, mmoja katika wakubwa wa Bani Tamim. Al-Aqra' akastaajabu, akataja kuwa yeye ana watoto kumi, wala hajapata kumbusu hata mmoja. Mtume akamtazama, akambainishia kuwa rehema humfikia yule mwenye kurehemu. Sasa na tulizingatie jambo hili. Al-Aqra' hakuwa kijana asiyeoa. Alikuwa na watoto kumi na kabila zima likimsikiliza. Juu ya hayo, alikuwapo jambo moja la ubaba asilolijua, naye akafunzwa hadharani. Kuzaa, basi, si kujua. Na kama mkubwa wa Bani Tamim hakuwa mkubwa wa kutofunzwa, sisi ni akina nani?

Wanavyuoni waliokuja baadaye waliifanya kazi hii kwa kalamu. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, ameweka katika Ihya sehemu nzima juu ya kuwalea watoto, akamhesabu mtoto kuwa ni amana mikononi mwa wazazi wake. Ibn al-Qayyim, aliyefariki mwaka 1350, alitunga Tuhfat al-Mawdud, kitabu kinachohusu mtoto tangu kuzaliwa kwake. Na rai yake ni kuwa watoto wengi walioharibika waliharibiwa na baba zao kwa kuwapuuza. Huyu naye alikuwa mchunguzi wa akina baba, ingawa hakuna aliyempa jina hilo. Kazi aliyotakiwa kijana wetu, basi, si kazi ngeni. Tuliianza sisi, tukaiacha njiani, wakaiokota wengine.

Na waliookota wamekwenda nayo wapi? Kwa muda mrefu wataalamu wa Ulaya na Marekani nao walikuwa kama sisi: wakichunguza makuzi ya mtoto mchanga humtazama mama tu. Mmoja wa walioyageuza mambo ni Michael Lamb, aliyezaliwa Lusaka mwaka 1953, wakati nchi ile ilipokuwa yaitwa Rhodesia ya Kaskazini. Mwaka 1975 aliandika makala akieleza kuwa baba amesahauliwa katika elimu ya makuzi ya mtoto, na mwaka 1976 akatoa kitabu kizima juu ya nafasi ya baba, ambacho hadi mwaka 2010 kilikuwa kimetolewa mara tano, kila mara kwa uchunguzi mpya. Njia yake ilikuwa nyepesi kuieleza, nzito kuitenda: kuingia majumbani mwa watu kwa idhini yao, kukaa, na kuandika kila alilolifanya mtoto wa miezi saba au minane, kisha wa miezi kumi na miwili au kumi na mitatu, akiwa na baba na mama pamoja. Alichokiona ni kuwa mtoto hufungamana na babaye tangu mwaka wake wa kwanza, kama anavyofungamana na mamaye, hata kama ni mama anayemhudumia saa nyingi zaidi.

Katika elimu hiyo tumechagua mambo mawili ambayo twaona yatatufaa.

La kwanza ni hili. Wachunguzi wa mwanzo walidhani kuwa kazi kubwa ya baba ni kumfanya mwanawe wa kiume awe mwanamume kweli. Wakaupima uanaume wa baba na uanaume wa mtoto, wakitaraji kuwa vitalingana. Havikulingana kama walivyotaraji. Kilichoonekana kina uzito ni ukaribu na huruma baina ya wawili hao, kwani mtoto humuiga baba anayempenda na kumheshimu. Wengi wetu tumekulia katika nyumba ambazo kikohozi cha baba mlangoni kilitosha kunyamazisha watoto wote, nasi tukaona huko ndiko kulea. Huenda kimya kile kilikuwa ni heshima, na huenda kilikuwa ni khofu tu. Baba asiyeuliza hawezi kujua ni kipi katika viwili hivyo.

La pili, mwaka 1985 Lamb na wenziwe watatu waliugawa ubaba katika mafungu matatu. Fungu la kwanza ni kushughulika na mtoto mwenyewe: kumlisha, kucheza naye, kumsomesha. La pili ni kupatikana: kuwa karibu, ili akikuhitaji akuone. La tatu ni kubeba jukumu: kujua kuwa usiku alikuwa na homa, chanjo yake ni lini, viatu vyake vimembana, mwalimu wake alalamika nini. Mtu aweza kuwa na moja akakosa jingine. Baba aliye Dubai, apigaye simu kila usiku, akajua mtihani ni lini na jino lililomuuma mtoto limeng'olewa au bado, huyo analo fungu la tatu, na la pili amelikosa si kwa hiari yake. Na baba aliye hatua ishirini kutoka mlangoni kwake, akinywa kahawa barazani hata usiku ukawa mwingi, huenda akayakosa yote matatu, na masurufu ametoa.

Itasemwa kuwa hayo ni ya Wazungu, na hayatufai sisi Waafrika. Basi na tuitazame Rwanda. Huko shirika la RWAMREC, pamoja na wenzao wa Promundo, waliuendesha mpango uitwao Bandebereho katika wilaya nne: Karongi, Musanze, Nyaruguru na Rwamagana. Wanaume wenye watoto wadogo, au ambao wake zao ni wajawazito, walikutana katika mikutano kumi na tano, na katika minane walikuja pamoja na wake zao. Na waliowaongoza ni akina baba wenzao. Ili isiwe ni kujisifu tu, watu waligawanywa kwa bahati nasibu. Nyumba za mume na mke zilikuwa 1,199: nyumba 575 zikaingia mpangoni, na 624 zikabaki nje ili zilinganishwe. Ilipotimia miezi 21, wanawake wa nyumba zilizoingia walieleza kuwa wanapigwa kidogo kuliko wenzao, waume zao walikuwa wakifuatana nao kliniki zaidi, wakifanya kazi za nyumbani na za malezi zaidi, na watoto wakipigwa kidogo zaidi. Habari hizo zilichapishwa mwaka 2018. Na uchunguzi wa miaka sita, uliochapishwa mwaka 2023, ukaonyesha kuwa faida ile ilikuwa haijafutika. Wanaume wale hawakuzaliwa upya. Walikaa pamoja, wakafunzwa, wakabadilika.

Hatusemi kuwa kila kiletwacho na mashirika kipokewe kwa macho yaliyofumbwa. Liko ambalo halipatani na dini yetu, nalo hurudishwa kwa heshima. Na liko la haki, nalo hupokewa, kwani haki haiharibiki kwa kupita mikononi mwa mgeni. Kazi ya kupambanua yahitaji mtu aliyemo ndani, anayeijua dini na kuijua hiyo elimu. Vijana wetu wakiikimbia kazi hii, itafanywa na wasiotujua, kisha tutalalamika.

Ama mshahara, suala lake ni la zamani. Wanavyuoni walikhitalifu juu ya kupokea ujira kwa kusomesha Qur'ani. Abu Hanifa aliukataza. Imamu Malik na Imamu Shafi'i wakaujuzisha. Na wafuasi wa Abu Hanifa waliokuja nyuma nao wakaujuzisha, walipoona kuwa ukikatazwa ilimu itapotea. Ikiwa katika Kitabu cha Mwenyezi Mungu yamesemwa hayo, hatuoni ubaya wa ujira katika kuwafunza watu kulea.

Na ama lile la kuwa kijana hajaoa, twamkumbusha ami yake kuwa Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, hakuoa maishani mwake. Na Minhaj yake ndiyo waliyoitegemea makadhi wa mwambao huu katika ndoa, talaka na masurufu. Lakini yafaa kijana ajue mpaka wake: asiyeoa aweza kuwa na ilimu, ila azungumze na waliozaa kwa unyenyekevu, na awasikilize zaidi kuliko anavyowahutubia.

Baada ya kuyapima haya tulimwendea ami yake, kwani si adabu kumjibu kijana na mkubwa wake hana habari. Hapo tukapata kujua tusilolijua, kuwa babaye kijana huyu alifariki angali mdogo, na ami ndiye aliyemlea. Tulimwuliza alimleaje. Akanyamaza kidogo, kisha akasema kuwa mwaka wa kwanza hakujua la kumwambia mtoto yule. Alikuwa akimpa chakula na nguo, na mtoto halali usiku. Mkewe ndiye aliyemwambia, "Mchukue uende naye pwani, usimwambie kitu." Akawa akienda naye kila alasiri, wakitazama majahazi, hata mtoto akaanza kusema mwenyewe. Tukamwambia, "Basi nawe ulifunzwa." Akacheka tena, lakini si kicheko cha mara ya kwanza, akasema, "Mwacheni aende." Na Mtume wetu mwenyewe (S.A.W.) alizaliwa yatima, akalelewa na babu yake Abdul-Muttalib, kisha na ami yake Abu Talib. Ubaba ni kazi, na aliyeifanya ndiye mwenye jina lake.

Kwa hivyo jawabu letu kwa kijana ni hili: Ikubali kazi, kwa masharti matatu. Niya yako iwe ni kuwanusuru watoto, wala si cheo. Utakayoyaona majumbani mwa watu ni amana. Yaandike kwa ukweli hata kama yanatuaibisha, lakini usiyatangaze majina ya watu wala usizipeleke siri zao barazani. Na siku Mwenyezi Mungu atakapokuruzuku mtoto, usikeshe ukihesabu watoto wa wenzako na hali wako amelala hajakuona.

Sharti hili la tatu tumeliandika kwa kalamu nzito, kwa sababu limeturudia wenyewe. Mmoja wetu, siku tulipokuwa tukiyapanga maneno haya, alirudi nyumbani akataka kujipima kwa yale mafungu matatu. Akamwuliza mkewe mtoto wao wa pili yuko darasa la ngapi, kwani hakuwa na yakini. Mkewe hakumjibu, alimwita mtoto aje ajibu mwenyewe. Mwenzetu huyo ndiye aliyetusomesha mawaidha ya Luqman mwaka jana, nasi sote tulikuwapo, hakuna aliyekuwa nyumbani na mwanawe. Darsa yetu yaanza magharibi, na mara nyingi haimaliziki ila watoto wamekwisha lala. Tumekuwa tukiwaita watu katika wema kwa saa zile zile ambazo walio wetu walikuwa na haki nazo.

Basi tumekata shauri. Tangu mwezi ujao usiku wa Jumatano hapatakuwa na darsa, na kila mmoja wetu atakuwa nyumbani kwake. Na darsa ya Jumamosi alasiri mwenye mtoto aje naye, wa kiume au wa kike, wakipiga kelele tutavumilia, kwani Mtume (S.A.W.) aliposikia kilio cha mtoto katika sala aliifupisha sala, hakumfukuza mtoto wala mamaye. Nasi twawaomba ndugu zetu wa darsa nyingine walitazame jambo hili.

Kila mmoja wetu ni mchunga, na suala la kuwa kondoo walikula au hawakula halitakuwa la pekee. Twamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe na jawabu, na awasamehe wazee wetu waliotulea kwa walivyojua, na awape watoto wetu subira juu yetu tunapojifunza.

Wabillahi tawfiq.